Fundi Aliyekataa Kuficha Kochi

Mtaani kwao walimwita Fundi Sponji, na hata mkewe akimwagiza mtu amwite alimtaja hivyohivyo. Kazi yake ilikuwa kuyavua makochi ya watu vitambaa vilivyochakaa na kuyavisha vipya. Alifanyia kazi barazani, misumari midogo ameibana kwa midomo, kwa hiyo watu walizoea kumwona hasemi. Mkono wake ulikuwa safi lakini mzito. Kitambaa kikienda upande, hata kwa upana wa ukucha, alifumua akaanza upya. Wateja walinung'unika, ila hawakumhama.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka sita, aliyepewa jina la utani Maswali kwa sababu hakuna kitu kilichompita bila kuulizwa. Mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka minne. Akitembea hadi bombani alichuchumaa mara mbili njiani kutafuta pumzi. Hospitali kubwa walimpima, daktari akawachorea wazazi picha ya moyo kwenye karatasi, katikati akaacha nafasi. Hapo ndipo penye tundu, alisema, na mtoto alizaliwa nalo.

"Linazibika," daktari aliwaambia. "Ila msikae nalo. Damu inakwenda kwa nguvu kwenye mapafu na kuyaharibu. Yakishaharibika, hatutaweza kumgusa."

Waliporudi nyumbani walianza kuhangaika. Fundi aliuza cherehani kubwa, akabaki kushona kwa mkono. Mkewe, aliyekuwa akifua nguo za watu, aliongeza nyumba mbili hadi vidole vikachubuka. Ndugu walichanga kwa moyo mara ya kwanza, mara ya pili kwa shingo upande, na baadaye simu zikawa zinaita tu. Hata nusu ya gharama hawakuikaribia.

Katika miezi hiyohiyo Maswali alishindwa kulala chali. Akilazwa alikohoa na kukaa kitako akihema. Baba yake akamtengenezea kochi dogo lenye mgongo unaoshuka kidogo kidogo, sponji ngumu chini na laini juu, akalivisha mabaki ya mahameli ya zambarau yaliyobaki kwa wateja. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote katika chumba chao kimoja, chenye bati linalovuja na pazia linalotenga kitanda na majiko. Mtoto alilala humo usingizi wa kweli.

Jirani yao, mama mshona nguo, ndiye aliyewaelekeza kwenye shirika linalosaidia watoto wagonjwa. Mwanawe mwenyewe alitengenezewa mguu wa bandia kwa msaada huo. Fomu zikajazwa, siku ya kukaguliwa nyumbani ikatajwa, na jana yake jirani akaja barazani.

"Shemeji, hilo kochi lije kwangu," alisema. "Wale wanaangalia vitu. Mimi nilitoa hata redio, na mtoto nikamkalisha sakafuni."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Wangu akikaa sakafuni anakosa pumzi."

"Ni nusu saa tu."

"Ugonjwa uko kwenye karatasi za daktari. Wasome karatasi. Mimi sitamvua mtoto wangu ili watu wamwonee huruma."

Mkewe alisimama mlangoni na beseni la nguo. "Tukubali, mume wangu," alisema taratibu. "Aibu ya nusu saa tutaisahau."

Fundi alirudisha misumari mdomoni.

Kesho yake akaja dada wa shirika, mtu mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Maswali alikuwa amesukwa nywele na kuvalishwa gauni lake la kutokea. Alimtazama mgeni akiandika mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Anti, unaandika nini?"

"Naandika mnavyoishi."

"Basi andika na kochi langu. Baba kanitengenezea. Watoto wote huku hawana."

Yule dada alicheka, akaandika.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema kuwa familia inaonekana kujiweza kiasi, iombe tena mwakani. Fundi alivaa shati lake la pekee lenye kola nzima, akaenda ofisini kwao. Alimweleza yule dada habari ya mabaki, ya sponji iliyokatwa kwenye magodoro ya kutupwa, ya mtoto asiyeweza kulala chali. Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini, baba," alisema. "Lakini mezani nina watoto arobaini, na nafasi ni tatu. Natafuta sababu ya kuwatoa watu. Kwako niliiona mapema."

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Maswali aliacha kwenda bombani, kisha akaacha kwenda hata kwa jirani. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya wino. Siku ya ukaguzi wa pili ilipofika, fundi mwenyewe alilibeba kochi hadi kwa mama mshona nguo, akarudi akamvua mtoto gauni na kumvalisha lililochanika kwapani.

"Baba, tunahama?"

"Hatuhami."

"Mbona kochi langu limetangulia?"

Hakujibu, na safari hii mdomoni hamkuwa na msumari hata mmoja.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye haraka. Alikuta mtoto ameegemea ukuta, anahema, akapiga picha mbili, akatoka. Wiki hiyohiyo wakaitwa: wamekubaliwa, gharama yote italipwa. Mkewe alilia kwa furaha hadi akaketi chini. Fundi naye alikwenda kwa jirani kulirudisha kochi, akalibeba kichwani akitembea kama kijana.

Hospitali walimpima upya kabla ya kumpasua. Vipimo vilichukua siku mbili. Daktari yuleyule akawaita, akafunga mlango.

"Mapafu yameshaharibika," alisema. "Hilo tundu sasa ndilo linaloupunguzia moyo mzigo. Tukiliziba, atatufia mezani."

Fundi aliuliza swali moja tu. "Na mwaka jana?"

Daktari alizipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Mwaka jana ningejaribu," alisema.

Nafasi yao alipewa mtoto mwingine. Maswali alirudishwa nyumbani na vidonge. Bado anaishi, anakwenda shule asubuhi mbili kwa wiki, mgongoni mwa baba yake, na walimu wameambiwa wasimsimamishe. Ameacha kuuliza atapona lini, ingawa mengine yote anauliza.

Mke wa fundi hakumlaumu hata kwa jicho. Alimwekea chakula, alimfulia, alimwuliza kazi imekwendaje. Fundi alisubiri neno la lawama miezi mingi, na kila siku lisipokuja alizidi kukonda. Asubuhi moja alimfuata uani, kwenye kamba za nguo.

"Sema basi," alimwambia. "Sema ni mimi."

Mkewe hakugeuka. "Nikishasema," alisema, "nitaishi na nani?"

Akatoa shuka zito la watu kwenye beseni, akamnyooshea pembe moja. Fundi akaishika. Wakalikamua, kila mmoja akivutia upande wake.