Kuku Aliyepewa Mate ya Mdogo Wangu

Msomaji huyu ameomba jina lake lisitoke gazetini, nasi tumelificha. Majina mengine ameyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, sina mke. Nashona nguo barazani, mbele ya duka la Mhindi mmoja hapa Kahama. Kwanza nawaomba msinipe pole. Pole nimepewa za kutosha, tena na watu ambao wangeujua ukweli wasingenipa hata mkono. Na wale wenye kusema "ndivyo alivyoandikiwa" wanivumilie, maana neno hilo limenichosha.

Kwetu kijijini, upande wa Shinyanga, mtu kabla hajasafiri husomewa kuku. Alfajiri, hujanawa uso wala hujasema na mtu, unamtemea kuku mchanga mate mdomoni. Mzee wa nyumba anampeleka kwa mganga, sisi tunamwita mfumu, naye anampasua na kusoma ndani mambo ya mwenye mate.

Mwaka ule pamba ilikauka shambani na ng'ombe wakafa. Baba akaamua kwamba mimi, mwanawe mkubwa, niende Geita kwenye mgodi wa dhahabu wa Wazungu. Sikutaka. Nilikuwa na mchumba, halafu nilikuwa nimesikia watu wanavyoteremshwa chini kama ndoo kisimani. Lakini baba yangu huwezi kumwambia sitaki. Alfajiri ya kusomewa aliniachia kuku uani, akaenda zizini. Nikamshika yule kuku, mate yakagoma kutoka. Mgodi niliuogopa, ila kilichonitisha zaidi ni kujua. Mdogo wangu Masanja alikuwa ndiyo kwanza anatoka ndani anajikuna. Nikampanulia kuku mdomo, nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka kimyakimya, akatema. Masanja alikuwa anasoma dini kwa mapadri, kwake kuku alikuwa kitoweo tu.

Baba aliporudi kutoka kwa mfumu, uso ulikuwa umekunjamana. Akatuita wote wawili, na mama yuko palepale anachambua mboga.

"Mwenye mate haya asishuke chini ya ardhi," akasema. "Limeonekana kaburi lisilo na mlango. Wewe mkubwa utabaki. Masanja, wewe mtu wa mapadri husomewi kuku; jiandae, utakwenda wewe."

Nilimtazama Masanja, naye akanitazama. Tuliojua mate ni ya nani tulikuwa sisi wawili tu. Ningesema, "Baba, nimekosa," ningekula fimbo na mambo yangeishia hapo. Nilinyamaza. Nawaambieni kweli, moyoni nilifurahi. Nilifurahi kubaki, na papo hapo niliamini kila neno la yule mfumu.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamwambia, "Masanja, turudi tukamwambie baba." Nilisema kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula huku anafunika chungu. Masanja hakuwa mjinga, aliliona hilo.

"Kaka, kuku anaijua Geita?" akanijibu. "Wewe baki uoe. Mimi nikirudi utanishonea suruali."

Yule mchumba aliolewa na mwingine msimu uleule. Basi hata nilichobakia sikukipata.

Masanja alirudi mara mbili. Mara ya kwanza alioa. Mara ya pili alimkuta binti yake, Kabula, anatambaa. Kila akija ananitania, "Kaka, lile kaburi bado linanitafuta?" Mimi nacheka naye, kisha nanawa mikono kabla sijamaliza kula. Suruali nilimshonea, ya kaki. Mwaka jana mwamba uliporomoka chini kule mgodini, yeye na wenzake wakabaki hukohuko. Hawakuweza kuwatoa. Tulizika nguo zake, na ile suruali ikiwemo.

Baba anasema siku ikifika imefika. Padri nilimwendea, nikamweleza yote, akasema kuku hajui kitu, niungame ushirikina wangu, nikaungama. Nimepima maneno yao mpaka kichwa kinauma. Ikiwa Masanja aliandikiwa, angekufa hata akibaki nyumbani, basi sina hatia. Ikiwa hakuna kuandikiwa, basi ni jiwe tu limeanguka, na bado sina hatia. Kote natoka safi. Lakini mimi niliamini. Niliamini ardhi itammeza, nikamwacha aende. Hilo hakuniandikia mtu, nilichagua mwenyewe nimesimama pale karibu na mboga za mama.

Sasa ukoo umekaa na kukata shauri kwamba nimrithi mjane, mama Kabula. Mwenyewe amekubali. Juzi alikuja na mtoto mgongoni, akaniambia, "Shemeji, mizimu ilikuchagua wewe ubaki. Nikiwa kwako, hata huyu mtoto atakuwa salama." Nilishindwa kumtazama. Nikajifanya natia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Nikimwambia, atarudi kwao na Kabula, na baba atakufa akijua mimi nilimfanyia nini mwanawe. Nikinyamaza, nitakula ugali wa mikono yake miaka yote, naye ananishukuru. Kukataa bila sababu siwezi, wazee watauliza, na nikiulizwa najijua, nitasema uongo.

Baba ameniagiza niende nyumbani Jumapili. Amefunga kuku mchanga uani ili ndoa yetu isomwe, na alfajiri ya Jumatatu natakiwa kumtemea mate mimi mwenyewe. Safari hii sina wa kumpanulia kuku mdomo. Ninyi mnaosoma, wazee kwa vijana, na wajane hasa, niambieni: nimwambie mama Kabula kabla ya kuku huyo, au nimeze mate yangu ninyamaze tena?