Kupima Ni Kazi, Kuwasha Si Kazi

Ijumaa jioni, huko Sironga, fundi alikuwa ndani ya gari ambamo akina mama wa kwaya yetu wangelala wakati wa makambi ya kanisa letu la Wasabato. Usiku wa huku una baridi kali, kwa hiyo aliunganisha mpira mpya kutoka kwenye mtungi wa gesi hadi kwenye hita. Kisha akafunga mkoba wake.

"Umepima kama inavuja?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole magharibi. "Jua limezama, mwalimu. Sabato imeingia. Kupima ni kazi."

"Na kuwasha?"

"Kuwasha si kazi. Ni kufungua tu."

Mzee wa kanisa, aliyesimama mlangoni mwa gari, akaitikia kwa kichwa! Nilichemka.

Mama mmoja wa kwaya hakubishana na mtu. Alikoroga sabuni kikombeni, akapaka povu kwenye nati ya ule mpira. Povu likafura, likapasuka, likafura tena. Gesi ilikuwa inavuja.

"Bwana asifiwe!" fundi akasema.

"Kaza kwanza," mama akamjibu, akimpa spana.

Andiko la ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato tumelikariri tangu utotoni. Ng'ombe tungemtoa mbio. Hawa walikuwa mama zetu tu.