Perez Hakunywa Chai Yao

Perez Ajwang anakaanga samaki hapa Kaloleni, na mdomo wake ni moto kuliko karai lake. Mwaka jana alitolewa uvimbe tumboni katika hospitali moja ya kulipia kule Milimani. Akashonwa, akarudi nyumbani, tumbo likaendelea kuuma. Kila akienda kulalamika anaambiwa, "Mama, hiyo ni gesi. Punguza maharagwe." Maharagwe! Mtu anayekula samaki asubuhi na jioni. Mwishowe daktari wa hospitali nyingine akampasua upya, akatoa kitambaa cha kupangusia damu, kimeoza. Wale wa kwanza walikisahau ndani.

Hospitali ya Milimani ikamwita. Mimi jirani yake nikamsindikiza. Msichana wa ofisi, Shantel, akatuwekea chai ya maziwa na keki. "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza," akasema.

"Umejitokeza?" Perez akauliza. "Ulipitia mlango gani?"

Shantel akasogeza kikombe. "Kunywa kwanza, Mama."

"Sinywi."

"Tukuletee ya rangi? Bila sukari?"

Niliuma mdomo nisicheke. Kwetu Waluo, ukiwa na neno na mtu huli chakula chake mpaka neno lenyewe lisemwe. Ukila, umekubali yameisha. Shantel naye akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu mama ana kisukari.

"Mimi namtaka Daktari Oluoch," Perez akasema. "Ndiye aliyenipasua. Aje kwangu aniambie kwa mdomo wake alichofanya."

"Daktari ana shughuli nyingi, Mama."

"Hata mimi nilikuwa na shughuli. Nilizifanya na kitambaa chake tumboni."

Wakatuma kikapu cha matunda. Akakirudisha. Wakatuma kikubwa zaidi. Akakirudisha pia, na hapo majirani wakamjia juu: si amepona, ale ndizi za watu anyamaze!

"Nikila hizo ndizi," akawajibu, "mwanamke atakayenifuata atashonewa shuka nzima tumboni."

Jumamosi moja gari la hospitali likasimama mbele ya karai lake. Akashuka Oluoch mwenyewe, na dereva wake, Wechuli. Oluoch ni Mluo, hakutafuta kiti kabla ya kusema neno lake.

"Mama, wakubwa wangu hawakutaka nije," akasema. "Ni mimi niliyekupasua. Vitambaa huhesabiwa kabla ya kushona. Nilikuwa na haraka, sikungoja vihesabiwe. Na uliporudi ukilia maumivu, nilisema gesi bila hata kukugusa tumbo. Nilikukosea."

Perez akamtazama, akasahau karai. Samaki wakaanza kuungua.

"Keti," akasema mwishowe.

Oluoch akaketi. Perez akatoa samaki aliyeiva vizuri na ugali wa moto, akaweka mbele ya Wechuli.

"Huyu sina neno naye," akasema. "Wewe umesema lako, nimelisikia. La hospitali bado. Rudi uniambie nani anahesabu vitambaa siku hizi, na mkubwa gani atathubutu kumharakisha. Siku hiyo nitakukaangia samaki ngege mzima."

Wechuli akauliza kama kuna pilipili. Oluoch akamtazama akimega ugali, akameza mate.

"Nije Jumamosi ijayo, Mama?"

"Uje na jibu," Perez akasema, akigeuza samaki. "Njaa naona tayari unayo."