Misumari ya Kapteni Wetu

Mnanisumbua niandike habari za uhuru wetu wa Amerika, mimi niliyejifunza herufi kwenye magunia ya unga. Haya. Ninayemjua mimi ni fundi viatu wetu. Hushinda na misumari mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na ukimsalimu anaguna tu. Vidole vyake ni vyeusi kwa nta. Wanaume walipopiga kura ya kapteni wa mgambo wa kijiji walimchagua yeye, maana kila mmoja alitaka viatu vyake vishonwe kwanza. Siku wanajeshi wa Mfalme wa Uingereza walipotoka Boston na makoti yao mekundu na mienge ya kuchomea nyumba, nyumba ya kwanza ng'ambo ya daraja la kijiji ilikuwa yangu. Nilisimama mlangoni, hatua tatu nyuma ya Kapteni. Alikuja na aproni yake, misumari mdomoni. Akaona wingi wao, akatugeukia, akapaza sauti: "Tukimbie!" Mimi nilimsikia vizuri. Lakini pumzi ilipiga mluzi kwenye misumari, wenzake waliojipanga mbali zaidi wakasikia, "Tusssikimbie!"

"Mmemsikia Kapteni!" akanguruma Elifaleti mfuga nguruwe. "Hakuna kukimbia, jamani!" Wakafyatua bunduki zao za kuwindia kulungu, makoti mekundu yakarudi mbio, na Kapteni akameza msumari. Miaka minane baadaye Mfalme akatuachia nchi. Nyumba yangu ingali imesimama, ndiyo maana sijamwambia mtu nilichosikia. Sasa mnataka kuchonga maneno ya Kapteni kwenye jiwe. Basi wewe uliyeniomba, mpelekee viatu vyangu hivi, umwulize alisema nini. Lakini ateme misumari kwanza.