Kutoka Hayes Hadi Old Street, Kutafuta Uso wa Bi Zuhura

Jumanne ile niliondoka Hayes kwa sababu ya ujuaji wangu. Ningependa kuwaandikia ninyi wa Tanga kwamba nilitoka kutembea na kulitazama jiji la London, lakini nilikuwa naenda kuomba radhi kwenye ofisi ya kampuni ya kutuma pesa kwa simu, na kosa lilikuwa langu tupu.

Bi Zuhura ni mama wa kwetu anayeishi Hounslow. Mdogo wake aliyebaki Tanga husafishwa figo, na hospitali haimpokei mpaka malipo ya wiki anayotumiwa na dada yake yaingie. Kwetu mtu mzima hahangaiki na mambo ya simu, humtuma mtu. Miaka miwili iliyopita alinituma mimi, nami nikavimba kichwa. Nilimfungulia akaunti kwa kitambulisho chake, lakini kwa namba yangu na barua pepe yangu, ili nisimsumbue. Kila ujumbe ulikuja kwangu.

Wikiendi ya kabla ya Jumanne ile, app ikataka mwenye akaunti akae mbele ya kamera ageuze uso kushoto na kulia. Bi Zuhura alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. "Saidi mwanangu, nifanyie wewe," akasema. Nikamfanyia. Niligeuza ndevu zangu kushoto, nikazigeuza kulia, kwa niaba ya mwanamke wa miaka sitini na minane. Akaunti ikafungwa kabla chai haijapoa. Mgonjwa alitakiwa hospitalini Alhamisi.

Nilipiga simu Jumatatu nzima nikajibiwa na mashine. Basi nikatoa uamuzi wa kikwetu: twende wenyewe, tukaonane na watu uso kwa uso, mambo yatakwisha.

Saa mbili asubuhi nilimkuta Bi Zuhura kituo cha treni cha Hounslow Central, amevaa baibui jipya, mkononi ana kopo la kaimati.

"Shikamoo Bi Zuhura. Hizo za nani?"

"Marahaba. Za watu wa ofisini. Tutaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

Mimi nilikuwa na bahasha: kopi za pasipoti, picha ndogo nne, na barua niliyoandika mwenyewe kwa Kiingereza cha kupiga magoti. Ndani ya treni nilimfundisha la kusema. "Ukifika wewe kaa kimya, mimi ndiye nitakayeongea." Akaitikia kwa kichwa. Kuanzia Acton hadi King's Cross nilimweleza sheria za faragha za nchi hii, ambazo nilikuwa nimezisoma usiku uliopita kwa dakika kumi. Alisinzia. Mimi nikadhani ametulia kwa sababu ananiamini.

Old Street, ilipo ofisi yenyewe, tulifika saa nne kasoro. Nilitegemea jengo lenye kaunta, foleni na mtu wa kugombana naye. Tulikuta mlango wa vioo, mimea kwenye vyungu, na mlinzi mmoja Mkenya, mtu wa Nakuru, ambaye alitutambua kwa lafudhi kabla hatujamaliza salamu.

"Mzee, hapa hakuna customer huingia," akaniambia kwa huruma. "Kila kitu ni kwa app."

"App ndiyo iliyotufukuza."

"Wewe ndiye mwenye account?"

"Ni ya mama huyu. Mimi ndiye ninayemfanyia."

Akanitazama ndevu kwa muda. Sijui kama alibahatisha, lakini alicheka, akainua simu ya mezani. Baada ya nusu saa alishuka binti mmoja wa Kiingereza, mwenye viatu vya raba na kompyuta kwapani. Nilisimama, nikafungua bahasha, nikaanza hotuba. Alinikatiza kwa adabu. Sheria, alisema, haimruhusu kuzungumza habari za mteja mbele ya mtu mwingine mpaka mteja mwenyewe akubali. Kisha akamgeukia Bi Zuhura, akamuuliza taratibu kama angependa mimi niwepo.

Nilikwisha kuvuta kiti.

Bi Zuhura alinitazama, akamtazama binti, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, kile alichokipata kwa miaka ishirini ya kufagia ofisi za watu: "No, thank you. He can wait outside."

Nilitoka. Niliumia, siwafichi. Nilisimama kando ya mlinzi nikiwatazama kwa kioo, na kwa mara ya kwanza nikamwona Bi Zuhura akiongea bila mimi kumtafsiria. Alionyesha pasipoti. Aliishika kompyuta, akageuza uso kushoto, akageuza kulia, wala hakuhitaji mtu. Kisha akatoa simu yake mkobani, ile niliyozoea kumwambia ni ya kupokelea salamu tu, akaanza kubonyeza.

"Kwani huyu mama hukuwa unajua anaweza?" mlinzi akaniuliza.

"Sikuwahi kumuuliza," nikasema.

Alipotoka saa sita, akaunti ilikuwa imefunguliwa. Kaimati zilikataliwa; kanuni za kazi haziruhusu zawadi. Mlinzi alijitolea kuzipokea kwa niaba ya kampuni.

Tulipokuwa tunarudi nilivumilia hadi Hammersmith, nikashindwa. "Alikuuliza nini yule binti?"

"Mambo yangu."

"Mambo gani?"

"Saidi, miaka miwili simu yako inalia kila nikimtumia mtu kitu. Mwezi nikiwa sina, unajua. Nikimtumia shangazi yangu zaidi ya mdogo wangu, unajua. Mimi sikukutuma uyajue hayo, nilikutuma unisaidie." Alisema bila hasira, akinipapasa goti. "Namba sasa ni yangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Asubuhi ndani ya treni nilikuwa nimemsomea sheria nzima ya kumlinda mtu na macho ya wageni, na macho yaliyomkalia muda wote huo yalikuwa yangu, na kwa wema.

Jumatano nilikuwa kazini uwanja wa ndege, nikipakia mizigo. Alhamisi vilevile. Simu yangu ilikaa mfukoni kimya. Hakuna ujumbe wa kunijulisha pesa zimetoka, wala zimefika. Saa kumi jioni nilitoka nje, nikampigia Bi Zuhura.

"Bi Zuhura, shikamoo. Nauliza tu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amesafishwa leo asubuhi, alhamdulillahi, amekunywa na uji," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Miaka miwili, mwanangu, leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza."