Herufi R Haikuwa na Mtu

Nilifika Mwanza kwa treni, siku ya tatu tangu nilipopanda Morogoro. Tulitakiwa kufika siku ya pili, lakini Tabora tulikaa tangu asubuhi mpaka jua linazama, tukisubiri kichwa kingine cha treni. Nilikuwa na begi moja, cheti cha kidato cha nne ndani ya gazeti, na barua ya fundi aliyenifundisha kazi kwenda kwa mama mmoja wa Kihaya mwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga. Barua ilisema, "Huyu hatulii mahali, lakini mkono wake ni mzuri." Nilijua hivyo kwa sababu niliifungua njiani.

Mama aliisoma akiwa amesimama, kisha akanitazama.

"Umeisoma?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona gundi bado mbichi?"

Akacheka, akanionyesha pa kuweka begi. Nilikaa kwake miaka minne, na sijawahi kukaa mahali pengine muda mrefu hivyo, hata sasa nikiwa na miaka arobaini na ushee.

Wakati huo serikali ilikuwa imefungulia biashara za watu binafsi. Kabla ya hapo kata nzima ilitegemea mashine moja ya ushirika, na ikiharibika watu wanarudi kwenye kinu. Sasa kila aliyeuza ng'ombe wachache alinunua mashine yake. Kisesa zilikuwepo, Buhongwa zilikuwepo, na ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Sengerema, zilikuwa zikiota kama uyoga. Kazi yangu ilikuwa kwenda zilikoharibika.

Kitu kilichonishangaza zaidi dukani ni ukuta wa nyuma. Ulijaa misumari, na kila msumari ulining'iniza kamba ya katani. Mteja akinunua mkanda wa kuzungushia mashine, mama alikata kamba yenye urefu ule ule wa mkanda, akaifunga fundo, na kwenye fundo akachomeka kipande cha kanga ya mteja, au cha shati kama ni mwanamume. Mkanda ukikatika, mteja alituma mtu na kitambaa kinachofanana. Mama anatafuta kitambaa ukutani, anashusha kamba, anapima mkanda mpya. Basi. Asiyejua kusoma alihudumiwa sawasawa na mwalimu mkuu.

Mimi niliuonea aibu ukuta ule. Nilikuwa nimesoma, na duka lilinukia zamani.

Mwaka wangu wa pili, kwenye duka la redio mjini, niliona vidaftari viwili vya umeme ndani ya kioo. Kimoja kilikuwa chembamba, kinatunza majina na namba tu. Cha pili kilikuwa na kalenda, kengele, kikokotoo, ukurasa wa siri unaofunguka kwa neno unalolijua mwenyewe, na saa za miji ya dunia nzima. Nilitumia akiba yangu yote kununua hicho cha pili. Nilichagua kama mwenye njaa anavyochagua sahani, kwa kuangalia ipi imejaa.

"Hiki kinajua saa ya Tokyo," nilimwambia mama.

"Tokyo una nani?"

"Sina mtu, mama."

"Na Mwanza kinajua ni saa ngapi?"

Nikabonyeza. Mwanza haikuwemo. Iliyokuwa karibu ni Nairobi.

"Waitu! Basi kiulize Nairobi kama tumekula," akasema, akaendelea kupanga beringi.

Lakini alinikubalia. Wiki nzima nilikaa nikiingiza wateja mmoja mmoja: jina la ukoo, upande anaokaa, urefu wa mkanda, na chini kabisa kijiji na maelezo mengine. Kidaftari kilijipangia majina chenyewe kwa alfabeti, nami nikaona hiyo ni akili kubwa. Kioo chake kilionyesha mstari mmoja tu, jina. Kuona upande na kipimo ilibidi ubonyeze mshale mara mbili. Nilipomaliza nilishusha kamba zote, nikang'oa misumari, nikapaka ukuta chokaa. Kila mteja nilimwambia, "Usitume tena kitambaa. Tuma jina tu, mengine ninayo humu." Nikawa nagonga mfuko wa shati.

Kati ya wateja wetu wa Sengerema kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, mjane. Aliuza ng'ombe wa mwisho walioachwa na mumewe akanunua mashine, na mashine ile ilikuwa ndiyo shamba lake na zizi lake. Siku yake kubwa ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio. Mwaka huo kijana mmoja alifungua mashine mpya ya kijani upande wa pili wa barabara, hatua thelathini hivi. Kila nilipokwenda mjane aliniambia, "Mwanangu, siku yangu ya gulio ikilala, imelala moja kwa moja. Mtu akishazoea foleni ya pale, harudi."

Alhamisi moja utingo wa gari la ng'ambo alileta kikaratasi kilichoandikwa na mwalimu wa kijiji: mkanda umekatika, gulio ni keshokutwa, njoo. Chini jina la ukoo la mjane, likianza na L.

Nikabonyeza L. Jina likatokea pale pale. Nikabonyeza mshale, nikaona Sengerema, nikaona kipimo. Nilifungasha mkanda nikawahi kivuko. Nakumbuka nilisimama mbele kabisa, upepo wa ziwa unanipiga kifuani, nikijiona mtu wa maana.

Mkanda ulipungua vidole vinne. Nilivuta, nikalegeza injini kwenye skrubu zake, nikavuta tena. Mjane alikuwa amekaa juu ya debe akinitazama.

"Fundi, hiyo mashine imenenepa?"

Sikucheka. Nilitoa kidaftari, nikabonyeza mshale mara ya tatu, ambayo sikuwahi kuibonyeza tangu nilipoingiza majina, nikaona maelezo ya chini: mwanamume, mwenye mashine ndogo, kijiji kingine. Jina la ukoo lile lile. Yule bwana aliandika jina lake mwenyewe, kwa L. La mjane nililiandika mimi kwa kusikia. Alipolitamka kwa L, mimi mtu wa kidato cha nne nilisema moyoni, hawa wanachanganya L na R, ngoja nimsahihishie. Nikamweka kwenye R.

Nilimweleza yote. Nilitaka anitukane.

"R?" akauliza. "R ya nini? Huku kwetu hatuna hiyo."

"Nilidhani ndiyo sahihi, mama."

"Jina langu unalijua kuliko baba yangu?" Alisema taratibu, bila ukali, ndiyo maana liliniingia. Kisha akaangalia mashine ya kijani ng'ambo ya barabara. "Kesho ni Ijumaa. Nenda. Mimi nitawaambia watu fundi wangu anakuja."

Nikabonyeza R ili nipate kipimo chake. Alikuwemo, na urefu ulikuwemo, lakini sasa sikuwa na imani hata na namba zangu. Kama nilimkosea jina, ningejuaje sikumkosea kipimo? Mkanda wa zamani ulikuwa umechanika vipande, haupimiki, na kamba ya kuhakikishia sikuwa nayo. Nilikuwa nimeishusha mwenyewe.

Ijumaa asubuhi niliingia dukani na mkanda mfupi mkononi. Mama alinitazama, akautazama mkanda. Akainama chini ya kaunta akaburuta kiroba. Ndani yake zilikuwemo kamba zote, kila moja na fundo lake.

"Nilidhani umezitupa," nikasema.

"Wewe ndiye uliyezitupa. Mimi nilipita nyuma yako." Akapekua mpaka akapata kipande cha kanga nyekundu chenye mkia wa tausi. "Huyu. Alikuja kanga ikiwa mpya, nikasita kuichana. Akaniambia chana tu, mama, mashine ndiyo mume."

Akapima. Namba yangu kwenye R ilikuwa sahihi. Mama akaangalia kioo changu, akaangalia kamba. "Kumbe nacho kilijua," akasema. "Ila hakikujua unamwitaje mtu wako." Kisha akaniambia nikae ninywe chai kwanza, kwa sababu kivuko kingine kilikuwa bado. Nimefanya kazi kwa matajiri wengi tangu wakati huo. Chai ile sijaipata tena.

Gari la ng'ambo lilitukwamisha njiani, kwa hiyo nilifika Jumamosi jua limeshapanda. Upande wa pili wa barabara mashine ya kijani ilikuwa inanguruma na watu wamejaa. Lakini mlangoni kwa mjane niliona ndoo na madebe ya mahindi kumi au kumi na mawili, yamepangwa mstari, bila watu. Wenyewe walikwenda gulioni wakaacha vyombo vyao vishike foleni.

"Wengine wamehama," mjane alisema. "Hawa nimewaambia unakuja. Sasa usinifanye mwongo."

Mkanda uliingia kama ulizaliwa pale. Injini ilipokohoa na kushika, mjane alichukua kipande cha chuma akagonga debe tupu, na wenye vyombo wakaanza kurudi kutoka gulioni, mmoja mmoja. Waliohama, wengi wao hawakurudi. Hilo lilikuwa kosa langu na ninalijua. Lakini mashine yake haikulala.

Nilirudi nikapiga misumari upya juu ya chokaa yangu. Kidaftari sikukitupa. Nilifuta miji ya dunia yote iliyokubali kufutika, nikaacha kutumia kengele na ukurasa wa siri, nikabakiza majina. Kila mtu wa R nilimhamishia L, jinsi wanavyoitana wenyewe, na baada ya jina niliandika rangi ya kitambaa. Ukibonyeza R, kioo kilikuwa cheupe. Hakikunikosesha tena. Nilipokuwa safarini kilinisaidia, na nilipokuwa dukani nilinyoosha mkono ukutani.

Baadaye miguu ilianza kuniwasha, kama barua ilivyosema. Mama hakunizuia. Nilimwachia kidaftari, akakitumia kama kikokotoo tu, na kukandamizia risiti siku za upepo.

Niliondoka kupitia ng'ambo, kwa basi la Biharamulo. Lilipopita Sengerema nilimwomba dereva asimame dakika moja pale kwenye mashine mbili. Zote zilikuwa zinafanya kazi. Ya mjane niliitambua kwa mlio, mkanda wake haupigi kelele. Alitoka mbio, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekwenda?"

"Nimekwenda, mama."

"Basi chukua hii, kabla hilo basi halijakuiba." Akanirushia dirishani mfuko wa unga, umefungwa kwa utepe wa kanga nyekundu. Ulikuwa umetoka kinywani mwa mashine sasa hivi. Niliupakata, na mpaka tunaingia Geita ulikuwa bado una joto.