Wifi Yangu na Neno "Unganisha"

Kwetu tunamwita Fafanua, na jina hilo nilimpa mimi. Kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, Mama alimwambia, "Mwanangu, nipe hicho kitu hapo." Akasimama katikati ya sebule akauliza, "Kitu kipi, Mama? Na hapo ni wapi?" Mtu mgeni ukweni akiambiwa alete kitu, analeta chochote na kuomba radhi baadaye. Wifi yangu si mtu wa hivyo. Mama alinitazama, nikaangalia pembeni nisije nikaangua kicheko.

Kazi yake ilinichukua muda kuielewa. Nilikuwa nawaambia watu kwamba wifi yangu anafanya kazi ya waifai, wanacheka, yanaishia hapo. Siku moja alinikalisha ofisini kwao, chini ya feni inayokoroma, akanionyesha. Wana msaidizi wa akili mnemba anayewakumbusha wagonjwa wa zahanati fulani dawa zao kwa ujumbe wa simu. Kumbukumbu yake imechorwa kama ukoo: kila mtu ana duara lake lenye dawa zake na namba yake ya simu, na kati ya maduara kuna mistari. Huyu ni mke wa yule, huyu ni jirani wa yule. Ili aguse kumbukumbu hiyo, msaidizi amepewa zana, moja ya kuongeza mtu, moja ya kumtafuta, na kadhalika. Kila zana ina maelezo mafupi. Msaidizi akiombwa jambo, anasoma maelezo hayo ndipo achague zana.

"Na hayo maelezo ndiyo unayoandika wewe?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Sentensi mbilimbili hizo, kutwa nzima?"

"Wifi, wewe ukiwekewa kisu na kijiko, unajua cha kunywea supu kwa kukitazama. Huyu hatazami. Anajua nilichomwandikia tu."

Nilimwona ana makuu. Nikaaga nikaenda zangu.

Sasa, Mama na dada yake wote wanatibiwa kwenye zahanati hiyo. Mama ana sukari. Mama mkubwa ana presha, anaishi peke yake mtaa wa pili, ni fundi cherehani, na kwa kusahau dawa hana mpinzani. Bila ule ujumbe wa asubuhi hamezi kitu. Mama, kwa kumhofia, akamwandikia msaidizi: "Niunganishe na dada yangu, niwe najua kama kameza dawa yake."

Ombi zuri kabisa. Lakini zana zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kuchora mstari kati ya mtu na mtu. Ya pili ilikuwa ya kufanya maduara mawili yawe moja, pale mtu mmoja anapokuwa ameandikishwa mara mbili kwa bahati mbaya. Na kwenye hiyo ya pili Fafanua, huyohuyo wa "kitu kipi, Mama?", alikuwa ameandika: "Unganisha watu wawili kwenye kumbukumbu." Msaidizi akaombwa kuunganisha, akaona zana ya kuunganisha, akaitumia. Mama na dada yake wakawa mtu mmoja mwenye sukari na presha, na simu moja, ya Mama.

Simu ya Mama ikaanza kumwambia ameze dawa ya presha. Alipuuza. Alitusimulia siku tulipokuwa wote mezani, tena kama kichekesho. "Mimi presha naipata kwenu nyinyi, na haina kidonge!" Tukacheka. Fafanua hakucheka.

"Mama, ujumbe umekuja kwako. Kwa Mama mkubwa je, umekwenda?"

Hakuna aliyejua. Kaka akamwambia, "Mke wangu, hebu tule." Yeye alishavaa viatu. Nikamfuata huku nanung'unika kwamba chakula kinapoa.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Alitaka kutukaribisha, neno likagoma. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Fafanua ndiye aliyeita gari, ndiye aliyembeba.

Daktari alisema tumewahi. Kauli ya Mama mkubwa ilirudi taratibu. Mkono wa kushoto, ule wa kuongozea kitambaa, haujarudi sawasawa mpaka leo.

Fafanua angeweza kusema mashine imekosea, na sote tungeamini. Badala yake alikuja akasimama palepale sebuleni.

"Mama, neno lililoleta haya niliandika mimi. Unganisha."

"Hilo si nililisema mimi?"

"Wewe ulilisema kwa maana moja. Mimi niliandika neno lenye maana mbili, nikaliacha hivyo."

Mama aliingia jikoni, na baada ya siku ile alikuwa akimsemesha kwa shida. Niliumia kwa ajili ya wote wawili.

Maelezo aliyaandika upya kando ya kitanda cha Mama mkubwa, akimsomea. Zana ya kwanza: "Chora mstari kati ya watu wawili tofauti. Wote wawili wanabaki, kila mmoja na dawa zake na simu yake." Ya pili: "Fanya kumbukumbu mbili ziwe moja, pale tu zinapomhusu mtu yuleyule aliyeandikishwa mara mbili. Usiitumie kwa ndugu, mapacha, wala mke na mume. Mtu akiomba 'kuunganishwa', muulize kwanza ana maana gani."

"Hapo hata mimi nimeelewa," akasema Mama mkubwa, maneno yakimtoka polepole, "na akili yangu ni hii ya kuzaliwa nayo."

Siku hizi kila asubuhi simu ya Mama inalia: "Dada yako amemeza dawa yake." Mama huusoma ujumbe huo kwa sauti hata akiwa peke yake.

Jana ujumbe ulipoingia, Fafanua alikuwepo. "Mwanangu," Mama akamwita, "nipe hiyo..." Akaanza upya. "Nipe miwani yangu, ile ya kusomea, iko juu ya friji."

Fafanua akaileta bila kuuliza kitu. Mama akaivaa, akausoma ujumbe wa dada yake.